Swali la Kidato cha Pili Lililonipeleka Gereji ya Ipogolo

Wanachuo wenzangu, hasa tunaosomea ualimu, naomba nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nililikimbia swali la mwanafunzi.

Nilikuwa nafundisha fizikia kidato cha pili, mada ya mashine rahisi. Nimechora puli mbili na mkanda ubaoni, fomula nimeandika, mambo yanakwenda. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akaacha Kiingereza cha darasani akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, gari la dizeli halina plagi. Sasa mshale wa RPM unajuaje injini inazunguka mara ngapi?" Nikamjibu kwamba hilo tutaliona kipindi kijacho. Kipindi kijacho sikuligusa. Yule kijana hakuuliza tena swali lolote mpaka naondoka.

Jibu nimekuja kulipata likizo hii Ipogolo, pale chini barabara kuu inapopita kabla hujaupanda mlima kuingia Iringa mjini. Mjomba wangu ana pikapu ya kushushia nyanya za Ilula kwenda Morogoro. Injini yake ya petroli ilipokufa akafunga ya dizeli. Gari likawa linakula mafuta kidogo, ila dashibodi haina RPM. Utasema, kwani RPM ya nini? Shuka Kitonga na mzigo uone. Unaweka gia ndogo ili injini ilishike gari, na hapo matairi ndiyo yanaizungusha injini. Gavana ya pampu inapunguza dizeli tu, haiwezi kuyazuia matairi. Injini nyingi za dizeli za pikapu hazitakiwi kupita mizunguko 4,500 hivi kwa dakika, wakati za petroli nyingi hufika 6,000. Dereva aliyezoea petroli anaweza kuipitiliza bila kujua, na injini ya pili ikamfia mlimani.

Fundi alikuwa ameokoa geji ya RPM kwenye gari dogo la petroli lililokuwa linakatwa kuuzwa chuma chakavu. "Kamwene mwalimu," akanitania, "njoo utufundishe." Kumbe aliyefundishwa ni mimi. Akanieleza kwamba kwenye petroli, geji inasoma mapigo ya koili ya plagi. Dizeli haina koili hiyo, kwa hiyo mapigo unayakopa kwenye alteneta, kwenye kichwa kilichoandikwa W. Umeme wa pale haujanyooshwa na dayodi, bado unapanda na kushuka, na kadiri injini inavyokimbia ndivyo unavyopanda na kushuka haraka.

Akavuta waya, akaunga, akawasha. Injini inanguruma taratibu kabisa, lakini mshale ukaruka mpaka 4,500!

"Geji imekufa hiyo," akasema msaidizi wake. Nikasema, subirini tuhesabu. Puli ya injini ilikuwa na upana wa sentimita 14, ya alteneta 7, maana yake injini ikizunguka mara moja alteneta inazunguka mara mbili. Fundi akaleta rota ya alteneta mbovu ya aina ileile, tukahesabu kucha zake: 12, yaani jozi sita. Kila mzunguko wa alteneta unatoa mapigo sita, basi kila mzunguko wa injini unatoa 12. Geji ya petroli ya silinda nne inategemea mapigo mawili tu. Kwa hiyo ilikuwa inasoma mara sita zaidi. Gawanya 4,500 kwa sita, unapata 750, mzunguko wa kawaida wa injini iliyotulia. Geji ilikuwa nzima, ila haikutengenezwa kwa ajili ya W.

Fundi akatafuta geji ya gari la dizeli, yenye skrubu ya kurekebisha kwa nyuma. Akaweka mita yake kwenye kipimo cha Hz, ikasoma 150. Zidisha kwa 60, gawanya kwa 12: 750. Akazungusha skrubu mpaka mshale ukakaa pale. Tukakanyaga mafuta mpaka mita ikafika 400, mshale ukasema 2,000. Mjomba akalipa, akaondoka.

Sisemi kwamba mafundi wanajua kila kitu. Bila ile hesabu ya puli, geji nzima ingetupwa, na fundi mwenyewe alikiri ameshatupa kadhaa. Lakini bila yeye mimi nisingejua hata W iko wapi. Nimefaulu mitihani ya umeme na sumaku, ila alteneta nilikuwa sijawahi kuishika. Hilo ndilo linaloniuma.

Wapo watakaosema sisi si VETA, sisi ni chuo kikuu. Sawa. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari, na utekelezaji ulianza 2024. Na hata VETA wenyewe wana utaratibu wa kumpima na kumtambua fundi aliyejifunza kazi mtaani. Kama wao wanamtambua, sisi tunaona aibu gani kumwita aje aongee nasi?

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo. Tununue alteneta mbovu moja, tuiweke maabara. Jumamosi moja kila mwezi tumwalike fundi, tumlipe muda wake kama tunavyowalipa wageni wengine wa makongamano. Tukienda tena kufundisha, kila mmoja awe na walau kitu kimoja alichokishika kwa mikono.

Yule kijana sasa yuko kidato cha tatu. Rota ile ya kucha 12 fundi amenipa bure. Nikipangwa karibu na shule ile, nitampelekea, na nitaanza kwa kumwomba radhi.