Kabla ya Kulaumu Umeme, Irudishe Kompyuta Katika Mwendo Wake



Katika makazi ya askari siku hizi si ajabu kuikuta kompyuta ya mezani imekaa kando ya redio na pasi ya mkaa. Vijana wetu huitumia kwa masomo na michezo, wake zetu huandikia hesabu za vikundi vya akiba, na sisi wenyewe huhifadhi humo picha na karatasi za viwanja. Hilo ni jambo la kufurahisha. Lakini yako mazoea ambayo yafaa yasemwe waziwazi, nayo ni ya kuilazimisha kompyuta iende mbio kupita kiasi kilichowekwa na kiwanda, kisha inapozimika ovyo, kumtafuta mchawi nje ya nyumba. Maoni yangu ni kwamba kompyuta iliyozidishwa mwendo ikianza kuzimika, mtuhumiwa wa kwanza ni yule aliyeizidisha, na kazi ya kwanza ni kuirudisha katika mwendo wa kiwandani kabla ya kununua au kubadili kitu kingine chochote.

Nimelijua jambo hili kwa gharama ya mfuko wangu. Mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo hapa Kampala, anakaa nyumbani kwangu. Alinunua mjini kompyuta iliyokwisha kutumika, akaingia katika bayosi, yaani ile programu ya msingi inayoamka kabla ya nyingine zote, akaipandisha prosesa kutoka gigahezi 3.6 hadi 4.3. Ili isimgomee, akaiongezea umeme kutoka volti 1.20 hadi 1.35. Vibao vya kumbukumbu navyo akavipandishia mwendo. Kwa majuma mawili alitamba nyumbani kama dereva aliyekabidhiwa lori jipya. Kisha mashine ikaanza kuzimika: mara skrini inageuka samawati, mara picha inaganda na sauti inakwama katika neno moja, mara inajizima kabisa kama taa.

Hapa kwetu mshtakiwa wa kwanza huwa ni umeme wa mtaani. Nami nilimhukumu bila kumsikiliza. Nilinunua stabilaiza nzito ya kutuliza umeme, tukaifunga, na siku ile ile saa tisa alasiri kompyuta ikazimika mara mbili. Tukahamia kwa virusi. Tukafuta programu zote na kuziweka upya, kazi ya usiku mzima, na kesho yake ikazimika tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaja yale mabadiliko ya bayosi, mpwa wangu kwa sababu aliona ni mambo yaliyopita, nami kwa sababu sikuyajua. Ndugu zangu wa upelelezi watanicheka, na wana haki.

Yafaa ieleweke kwanza maana ya kuzidisha mwendo. Ndani ya kompyuta mna saa inayopiga mapigo, na kila pigo prosesa hutekeleza hatua ya kazi yake. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Kiwanda huipima prosesa, kisha huiandikia mwendo ambao kina hakika itaumudu katika joto na katika miaka, kikiacha akiba kidogo. Akiba hiyo ndiyo watu wanayoinyemelea. Mfano uliopata sifa dunia nzima ni prosesa ya Intel iitwayo Celeron 300A, iliyotoka mwaka 1998. Iliuzwa kwa megahezi 300, na wengi waliikimbiza kwa megahezi 450 pasipo matatizo. Tangu hapo vijana wengi wameamini kwamba kila kiwanda kinaficha mali.

Lakini akiba hiyo ina bei, na bei yake ni joto. Joto la kazi ya prosesa huongezeka kwa kadiri ya mwendo, na tena kwa kadiri ya volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe. Chukueni tarakimu za mpwa wangu: mwendo uliongezeka kwa karibu asilimia 19, lakini joto lilipaswa kuongezeka kwa karibu asilimia 51. Yeyote aliyepata kushika mtutu baada ya kufyatua magazini kadhaa mfululizo anajua tunazungumza nini. Ongezeni juu yake vumbi jekundu la barabara zetu wakati wa kiangazi, ambalo huziba mapezi ya chuma yanayotoa joto na kuilemea feni, na chumba chenye paa la mabati saa tisa alasiri. Kompyuta iliyokuwa nzima alfajiri haiwezi kuwa ile ile mchana.

Niliposikia hatimaye kisa kizima, nilimwambia kijana tufanye kama tunavyofundishwa kufanya bunduki inapokwama: hatua kwa utaratibu, bila kurukia ya tatu kabla ya ya kwanza, na kila tunaloliona liandikwe. Alinung'unika, “Mjomba, nikiirudisha nyuma nitakuwa nimepoteza kazi yangu yote.” Nikamjibu kwamba tarakimu zake ataziandika katika daftari, wala hakuna atakayemnyang'anya.

Tukaingia bayosi, tukachagua mipango ya kiwandani, tukahifadhi. (Mashine ikikataa kabisa kuwaka, huchomolewa kwenye umeme, kisha kile kibetri cha duara kilichomo katika bodi kuu hutolewa kwa dakika chache, nayo husahau mipango yote na kurudia ile ya kiwanda.) Kwa siku saba tuliitumia bila kuigusa mipango ile. Haikuzimika hata mara moja, pamoja na kwamba umeme wa mtaani ulikuwa ule ule na stabilaiza nilikuwa nimekwisha kuiondoa. Kama ingeendelea kuzimika katika mwendo wa kiwandani, hapo tungekuwa na haki ya kukishuku kisanduku cha umeme, diski au programu. Lakini kesi ilikuwa imekwisha nusu yake bila kutumia hata shilingi moja.

Iliyobaki ni kumjua mhalifu hasa kati ya wawili, prosesa au kumbukumbu, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuwakamata wote pamoja na kuwaachia wote pamoja. Tulipandisha kumbukumbu peke yake, prosesa ikibaki chini. Kisha tukaendesha Memtest86, programu inayoandika tarakimu katika kila chumba cha kumbukumbu na kuzisoma tena kuona kama zimebaki zilivyoandikwa. Tuliiacha usiku kucha. Asubuhi tulikuta makosa kumi na moja. Mpwa wangu akasema kumi na moja katika mabilioni si kitu. Ndugu zangu, katika jambo hili kosa moja ni kitu. Tena wengi hawajui kwamba vibao vya kumbukumbu vinavyouzwa na mwendo mkubwa ulioandikwa kwa fahari juu ya karatasi yake, mara nyingi huufikia mwendo huo kwa mpango wa kuzidisha tu. Mtu huwasha mpango huo kwa kubonyeza mara moja, naye husema kwa kiapo kwamba hajazidisha chochote.

Kisha tukarudisha kumbukumbu chini na kuipandisha prosesa peke yake. Kwa hiyo tulitumia Prime95, programu ya wanahisabati wanaotafuta namba tasa kubwa, ambayo huikamua prosesa kwa hesabu zenye majibu yanayojulikana tangu mwanzo. Jibu likiwa tofauti, prosesa imeseme uongo. Baada ya dakika ishirini joto lilipanda hadi mashine ikajizima yenyewe, jambo ambalo prosesa hulifanya ili isiungue. Tulipoifungua, mapezi yalikuwa yamevaa vumbi kama blanketi, na ule uji unaopakwa kati ya prosesa na chuma chake ulikuwa umekauka kama chokaa. Basi palikuwa na makosa mawili yanayosaidiana, na ndiyo maana dalili zilikuwa zikitofautiana. Kujizima kabisa kulitokana na joto. Skrini ya samawati na kuganda vilitokana na kumbukumbu.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya vijana wachache. Sivyo. Mwaka 2005 mhandisi wa Microsoft, Raymond Chen, alieleza jinsi ripoti za mashine zilizokwama zilivyowatatiza: kompyuta nyingine zilikuwa zimeangukia katika amri nyepesi ambayo haina namna ya kushindikana. Wenye mashine walipoulizwa, wengi walikiri kwamba walizidisha mwendo. Na wengine hawakujua hata maana ya neno hilo, kwani duka ndilo lililozidisha na kuwauzia kama kompyuta ya kasi zaidi. Mwaka 2011 watafiti wa kampuni hiyo hiyo walitoa uchunguzi wa kompyuta zipatazo milioni moja, wakaonyesha kwamba zilizozidishwa mwendo hukwama mara nyingi zaidi, na kwamba mashine iliyokwama mara moja kwa kosa la prosesa ina hatari kubwa zaidi ya kurudia. Kwa hiyo unaponunua kompyuta iliyotumika, iwe Kampala, Jinja au Gulu, ingia bayosi kabla ya kulipa, uone imepangwa kwa mwendo gani.

Nisije nikamwonea kijana. Yako makosa ya kiwanda pia. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikijiombea volti kupita kiasi na kudhoofika, hata kwa watu ambao hawakugusa chochote. Ilitoa marekebisho ya bayosi na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Lakini marekebisho hayo huzuia madhara, hayaiponyi prosesa iliyokwisha kuumia. Mwenye mashine ya namna hiyo aangalie jina la prosesa yake na bayosi aliyo nayo.

Sasa nieleze kwa nini nimelishikilia jambo hili hata kuliandikia gazetini. Mwenzetu mmoja tuliyekuwa naye Somalia alifariki baada ya kurudi nyumbani. Shemeji, mkewe, aliniletea kadi ya kamera yenye picha zake 412, akaomba nizinakili na nyingine zichapishwe kwenye Barabara ya Nasser, ili watoto wawe na sura ya baba yao. Mpwa wangu alizinakili katika kompyuta ile ile, siku ambayo haikuzimika hata kidogo. Tuliisifu siku hiyo. Kumbe kumbukumbu ilikuwa ikiharibu kimyakimya: picha 31 zilipofunguliwa, nusu ya juu ilikuwa sura ya mtu na nusu ya chini rangi ya majivu. Kadi yenyewe tulikuwa tumekubaliana kuifuta jioni ile ili itumike kwenye harusi ya jirani. Isingekuwa mvua iliyomchelewesha jirani kuifuata, picha zile zingekuwa zimepotea moja kwa moja, nasi tungemwambia mjane kwamba kadi ilikuwa mbovu.

Tulizinakili upya katika mwendo wa kiwandani, tukazifungua moja moja, zote 412. Kadi alirudishiwa mwenyewe, na jirani akatafuta nyingine. Prosesa nimemruhusu kijana aipeleke gigahezi 3.8, bila kuongeza volti, baada ya kusafisha vumbi, kupaka uji mpya na kuipima saa kumi na mbili mfululizo; kumbukumbu inabaki ilipowekwa na kiwanda, na kila badiliko huandikwa katika daftari lililofungwa kwa uzi kando ya meza. Stabilaiza sasa inalinda friji.