Ng'ombe wa homoni: tuulize kwanza amekula nini



Ijumaa moja, baada ya Swala, kijana mfugaji wa Ilongero, mkoani Singida, alinifuata barazani na swali zito. Amesikia kwamba huko Marekani ng'ombe huwekewa dawa sikioni, akajaa nyama kwa miezi michache. Yeye ana maksai wawili anaotaka kuwauza kabla ya Idd el-Hajj, na mtu mmoja mnadani amekwisha kumwahidi chupa ya "dawa ya kunenepesha", isiyo na jina wala maelezo. Je, nyama hiyo ni halali? Wanazuoni wetu wamefundisha kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu. Basi na tulifahamu kwanza.

Habari ya Marekani ni kweli. Tangu miaka ya 1950 wafugaji wa huko wametumia vipandikizi, yaani vidonge vidogo vinavyochomekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio, vikatoa homoni kidogo kidogo kwa miezi mitatu, minne au zaidi. Sikio halikuchaguliwa bure: mnyama akichinjwa, sikio hutupwa pamoja na mabaki ya dawa. Homoni zenyewe ni za kike, kama estradioli, au za kiume, kama testosteroni na trenboloni ya maabara, na mara nyingi huchanganywa.

Zinafanyaje kazi? Nyuzi za msuli wa ndama, kwa sehemu kubwa, hukamilika idadi yake angali tumboni mwa mama yake. Baada ya kuzaliwa haziongezeki, bali hunenepa. Pembeni mwa nyuzi hizo zimelala seli za akiba. Homoni ikifika katika damu huziamsha. Nazo huongezeka, zikaungana na uzi na kuupa viini vipya, na uzi wenye viini vingi huweza kujenga protini zaidi. Trenboloni, aidha, hupunguza ule uvunjwaji wa protini unaoendelea mwilini kila siku. Ng'ombe aliyelishwa vizuri huongeza uzito wa kila siku kwa takriban asilimia 10 hadi 20 kuliko mwenzake asiyewekewa. Mafuta ya ndani ya nyama hupungua, na nyama huweza kuwa ngumu kidogo.

Na maksai ni nani, ila dume aliyeondolewa chanzo cha homoni yake? Kipandikizi humrudishia sehemu ya kile alichonyang'anywa. Imepokewa katika Hadith kwamba Mtume (s.a.w.) alichinja kondoo wawili waliohasiwa. Kuugusa mwili wa mnyama kwa ajili ya nyama, basi, si jambo lililoanzia Marekani. (Kuku wa kisasa, ambao watu huwasingizia homoni kila siku, hukua haraka kwa sababu ya mbegu na chakula.)

Kuhusu afya ya mlaji, mataifa yamegawanyika. Umoja wa Ulaya ulizuia nyama hiyo tangu Januari 1989. Marekani na Kanada zikashitaki katika Shirika la Biashara Duniani, ambalo mwaka 1998 liliona kuwa marufuku ile haikujengwa juu ya tathmini ya kutosha ya hatari, Ulaya haikuiondoa. Wenye hofu wana kumbukumbu yao. Dietilistilbestroli, homoni iliyotangulia kuenea, ilipigwa marufuku kwa ng'ombe wa Marekani mwaka 1979, baada ya kubainika kuwa ilileta saratani kwa baadhi ya mabinti ambao mama zao waliimeza kama dawa wakati wa ujauzito. Zilizobaki zimeruhusiwa huko kwa vipimo maalumu na chini ya ukaguzi.

Mimi siwezi kumharamishia mtu nyama ya mnyama halali, aliyechinjwa kisharia, kwa sababu ya kipandikizi kilichopimwa na kuruhusiwa. Chupa isiyo na jina ni habari nyingine kabisa. Anayeiuza hasemi ndani mna nini, kiasi gani, wala nyama isiliwe kwa siku ngapi. Na udhhiya wa ng'ombe mmoja hushirikiwa na watu 7 na jamaa zao. Mtume (s.a.w.) alikataza kuzuia maziwa kiweleni ili mnunuzi adanganyike. Kumnywesha ng'ombe maji ya chumvi asubuhi ya mnada ni ndugu wa jambo hilo, na kuficha dawa aliyopewa pia ni ndugu yake.

Lakini kwa Ilongero tatizo liko mahali pengine. Homoni si chakula. Ni amri ya kujenga, na amri bila matofali haisimamishi ukuta. Mvua zetu hukatika mwezi wa Aprili au Mei. Ifikapo Agosti nyasi zimekuwa makapi, protini imekwisha, na vijidudu vya tumboni vinavyomsagia ng'ombe chakula navyo vina njaa. Mnyama anayekonda huvunja msuli wake mwenyewe ili aishi, kipandikizi hakimsaidii. Nasi tunaoishi katika mkoa wa alizeti tunaacha mashudu yapakiwe malori kwenda kunenepesha mifugo ya wengine, na mabua ya mtama yachomwe shambani!

Nilimwambia kijana awaogeshe maksai wake dhidi ya kupe, amwite daktari wa mifugo awape dawa ya minyoo kwa kipimo na amweleze siku za kusubiri kabla ya kuchinja, kisha awalishe mashudu, mabua na maji ya kutosha kwa miezi mitatu, na awauze kwa mizani, si kwa kukadiria kwa macho. Akaniuliza bei ya gunia la mashudu. Nikamwelekeza kwenye mashine ya kukamulia alizeti, na chupa ile asiilipie.