Mkataba ni Bora Kuliko Zuio

Katika kandanda ya Kimarekani, kanuni za ligi huiruhusu timu kumzuia kwa mwaka mmoja zaidi mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha. Mshahara huwa mnono. Lakini akiumia, mwaka ujao hauna dhamana.

Washington ilimzuia hivyo Kirk Cousins mwaka 2016, ikarudia 2017. Mwaka 2018 alikwenda zake Minnesota. Baltimore nayo ilimzuia Lamar Jackson mwezi wa Machi 2023, lakini haikukawia: Aprili ilikubaliana naye mkataba wa miaka mitano, wenye thamani ya dola milioni 260.

Sisi twaona Baltimore ilitenda busara. Zuio si kosa. Kosa ni kulifanya mazoea. Wenye dhamana ya vilabu, popote walipo, hawana budi kumpa mkataba mchezaji wanayemtegemea kabla hajaanza kuutazama mlango.