Noti Zikibadilishwa, Saa za Keshia Alipe Nani?



Kila nchi inapobadilisha noti zake sisi hukimbilia kujadili wakubwa. Nani alificha magunia ya fedha, nani aliambiwa mapema, uchaguzi uko lini. Ni haki yetu kujadili. Lakini yuko mtu mmoja hatumtaji kabisa, naye ni yule anayekaa nyuma ya kioo anahesabu hizo fedha hadi usiku. Leo nataka tumzungumze yeye na ovataimu yake.

Kisa cha India kinatosha kutufungua macho. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016, saa mbili, Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwenye televisheni kwamba noti za rupia 500 na 1,000 zinakufa usiku huo huo. Hizo zilikuwa asilimia 86 ya thamani ya fedha zote zilizokuwa mikononi mwa watu! Benki zilifungwa siku moja tu, tarehe 10 zikafunguliwa, na mwisho wa wiki hiyo zikafanya kazi Jumamosi na Jumapili. Noti mpya ya 2,000 ilikuwa na kipimo tofauti, kwa hiyo mashine za ATM zaidi ya laki mbili zilikuwa hazina msaada mpaka zirekebishwe moja moja. Mzigo wote ukaangukia kaunta, mpaka tarehe 30 Desemba.

Tuelewe kazi yenyewe. Keshia hafungi dirisha akaenda nyumbani. Mteja wa mwisho akishatoka ndipo kazi ya pili inaanza: kuhesabu noti mbovu, kuzifunga mafungu, kusaka za bandia, kulinganisha na vitabu. Mchana kutwa ametukanwa na watu wenye njaa ambao wana kila sababu ya kukasirika, ila wamemkasirikia asiyehusika. Na akipata shoti, benki nyingi humdai yeye. Yaani mtu anafanyishwa kazi kwa uchovu, kisha uchovu huo huo anaulipia mfukoni mwake.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Benki kubwa kuliko zote kule, State Bank of India, iliahidi kuwalipa waliobaki kazini baada ya saa moja usiku. Magazeti ya India yaliandika kwamba maofisa walipata hadi rupia 30,000 na wafanyakazi wa chini hadi 17,000. Aprili 2017 benki hiyo ikazimeza benki tano zilizokuwa chini yake, ikiwemo State Bank of Travancore ya Kerala. Sisi tunaoishi Maskati jina hilo tunalijua, maana jirani zetu wa Kerala wengi walikuwa wakiweka akiba zao humo. Wafanyakazi wa benki hizo nao wakalipwa. Halafu Julai 2018 ikatoka amri: warudishe! Waliotajwa ni kiasi cha watu 70,000. Hoja ya benki ni kwamba wakati wa kazi ile walikuwa bado hawajawa watu wake, kwa hiyo malipo yale hayakuwahusu.

Kisheria labda hoja hiyo ina miguu. Lakini noti zilikuwa zile zile, foleni ile ile, amri ile ile ya serikali moja. Ukiwameza watu pamoja na amana na wateja wao, unawezaje kuutema usiku wao?

Najua jibu litakalokuja: watu wa benki wanavaa tai, wana mishahara mizuri, waacheni. Huyo anayesema hivyo hajaona matawi ya nyumbani, ambako wengi wa kaunta wameajiriwa kupitia mawakala, kwa mikataba mifupi, wala hawahesabiwi kuwa watu wa benki hiyo. Hao ndio watakaoambiwa kwanza kwamba malipo hayawahusu, kama wale wa Travancore. Na mlinzi wa mlangoni je? Nigeria, Februari 2023, noti mpya zilipoadimika, wananchi walichoma moto matawi ya benki katika baadhi ya miji. Aliyekuwa mlangoni siku ile hakuwa gavana.

Kwetu mambo yamekwenda kwa upole zaidi, nalikubali hilo. Kenya mwaka 2019 ilitoa miezi minne, Juni hadi Septemba, tena kwa noti moja tu ya 1,000. Tanzania ilitoa miezi mitatu, 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, na noti zenyewe nyingi zilikuwa za 1985 hadi 2003 ambazo watu walishazisahau. Muda mrefu ni nafuu kubwa kwa keshia kuliko hotuba yoyote ya shukrani.

Sheria nayo tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Pigeni hesabu: anayebaki saa nne kila siku, siku sita kwa wiki, kiwango hicho anakimaliza mwanzoni mwa wiki ya tatu. Baada ya hapo anafanya kazi chini ya sheria gani? India ilichukua siku 50.

Ninachotaka ni hiki: tangazo la kubadilisha noti liwe na kifungu cha malipo ndani yake, kabla tawi la kwanza halijafungua mlango. Benki kuu ndiyo inayoamuru, basi ichangie gharama. Walipwe wote waliokuwepo, wa ajira ya kudumu na wa wakala, na mlinzi. Saa ziandikwe kila usiku na mfanyakazi abaki na nakala yake. Na shoti za kipindi hicho zibebwe na benki, isipokuwa wizi umethibitishwa.

Mwenye ndugu aliyekaa kaunta Nairobi 2019 au Dar 2025 amwulize alilipwa saa ngapi, na je, anayo karatasi ya kuthibitisha?

Nawasilisha.