Mkandarasi, hakikisha namba kabla ya kulipia saruji

Kiangazi kinapoingia mwezi Juni, mahitaji ya saruji, nondo na bati huongezeka Nyamigogo na sehemu nyingine za wilaya za Biharamulo na Ngara. Tofali zimekauka, na kila mwenye msingi anataka kufikia lenta kabla mvua za Septemba hazijaanza. Katika miezi hiyo mfanyabiashara wa ujenzi hushika fedha nyingi kwa muda mfupi, na mwizi analijua hilo.

Kwa miaka mingi ulinzi wa kazi ya ujenzi huku kwetu umekuwa mlinzi mwenye rungu na stoo yenye kufuli mbili. Bado vinahitajika. Lakini mifuko kumi ikiibwa, pengo huonekana asubuhi. Malipo ya lori zima yakienda kwa mtu mwingine, mwenye mali hugundua baada ya siku mbili, anapopiga simu kuuliza kama mzigo umeshapita Nyakanazi.

Wizi wenyewe hauhitaji maajabu. Mkandarasi hununua kwa msambazaji wa Kahama au Mwanza, huletewa profoma kwa WhatsApp au barua pepe, kisha hulipa kwa benki au kwa simu. Mwizi aliyeingia katika barua pepe ya mmoja wao husoma mazungumzo kimya kimya hadi siku ya malipo, ndipo huleta profoma yenye nembo ileile na bei ileile, ila namba ya akaunti imebadilika. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" Watanzania wameuzoea hata wanaucheka. Huu wa profoma hauchekeshi, kwa sababu unajua jina lako na idadi ya mifuko uliyoagiza. Nchini Marekani, FBI ilipokea taarifa za hasara ya takriban dola bilioni 2.9 mwaka 2023 kutokana na wizi wa barua pepe za biashara.

Makampuni makubwa nayo hayajapona. Januari 2020 kampuni ya Ufaransa, Bouygues Construction, ilishambuliwa ikalazimika kuzima mitambo yake ya kompyuta. Ila kampuni hiyo ina wataalamu wake. Mkandarasi wa Nyamigogo ana simu moja, na mara nyingi ndiyo hiyo hiyo watoto wanayochezea.

Dawa ya kwanza ni ya gharama ya simu moja. Akaunti ikibadilika, mpigie msambazaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye profoma mpya. Usilipe kabla hujasikia sauti unayoifahamu, hata kama lori litachelewa kupakia. Kwa malipo ya simu, tumia lipa namba ya duka na usome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Wapo wanaosema kumpigia mwenzako ni kumvunjia heshima. Kwa maoni yangu, msambazaji mwenye akili atashukuru, kwani fedha ikipotea naye atagombana na mteja.

Lipo jingine linaloudhi zaidi. Tangu mwaka 2023 zabuni za serikali hupitia mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS. Wapo makandarasi wadogo wanaomwachia kijana wa steshenari neno la siri ili awajazie zabuni, kisha wanaondoka kwenda kunywa chai. Kijana huyo huyo kesho anamhudumia mshindani wako. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini bei yako ya zabuni imelala kwenye kompyuta ambayo kila mpita njia anaitumia. Kama huna kompyuta, kaa naye mpaka mwisho, andika neno la siri kwa mkono wako, na ulibadilishe ukifika nyumbani.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Laini ikikosa mtandao ghafla wakati majirani wanao, wahi kuwapigia kampuni ya simu kwa simu ya mwingine, kwani huenda mtu ameihamisha. Namba ya tapeli hupelekwa 15040. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu mwaka 2015, lakini fedha hutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache, na polisi watahitaji ushahidi. Kwa hiyo ujumbe wa mwizi usiufute kwa hasira. Nenda nao kituoni siku hiyo hiyo, pamoja na risiti ya muamala.