Darubini ya Bunduki: Ukuzaji Mkubwa Si Uoni Bora

Marekani ni nchi ambamo bunduki ya risasi aghalabu hutakiwa kufanya kazi mbili zisizofanana. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya nchi hiyo, yaliyothibitishwa mwaka 1791, yanataja haki ya raia kuwa na silaha, na mwaka 2008 Mahakama Kuu katika kesi ya Heller ilitamka kwamba haki hiyo inahusu pia kuweka silaha nyumbani kwa ajili ya kujilinda. Wakati huo huo, kila majira ya kupukutika majani yanapofika, watu wengi huingia misituni kumwinda kulungu mwenye mkia mweupe. Basi mwenye bunduki moja hutafuta chombo kimoja cha kulengea ambacho kitamfaa usiku sebuleni na alfajiri msituni. Anapofika dukani hukuta darubini za kukuza mara 4, mara 9, hata mara 24, na kwa kuwa tarakimu kubwa huonekana kuwa na thamani kubwa, huichukua ile kubwa.

Makala haya yanashikilia kwamba mnunuzi huyo amekosea mahali pa kuanzia. Kipimo cha kwanza cha darubini ya bunduki si mara ngapi inakuza, bali ni kiasi gani inamwezesha mtumiaji kutambua kilichopo mbele yake kabla hajafyatua. Jambo hili si la wawindaji wa Marekani peke yao. Nchini Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, na nchini Tanzania uwindaji huendeshwa kwa leseni. Hata hivyo kanuni za mwanga ni zile zile kila mahali, na mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kusoma lenzi anazo tayari nyenzo za kuyapima madai ya muuzaji.

Nyuzi ndani ya darubini

Mwaka 1611 Johannes Kepler alieleza darubini iliyoundwa kwa lenzi mbili mbinuko, yaani zilizonenepa katikati. Lenzi ya mbele hukusanya mwanga na kufanya taswira halisi ndani ya bomba. Lenzi ya jicho huikuza taswira hiyo. Darubini ya Galileo, ambayo lenzi yake ya jicho ni mbonyeo, haina taswira halisi ndani yake. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa chombo cha kulengea. Yapata mwaka 1640 mwanafalaki Mwingereza William Gascoigne alitambua kwamba uzi mwembamba ukiwekwa mahali pale penye taswira halisi, uzi na kitu cha mbali huonekana pamoja kwa udhahiri ule ule. Gascoigne aliuawa vitani mwaka 1644, lakini nyuzi zake za msalaba zimo hadi leo katika darubini za wapimaji ardhi na za bunduki.

Faida ya chombo hiki yafaa ieleweke vyema. Bunduki isiyo na darubini ina alama mbili za chuma, moja karibu na jicho na nyingine kwenye ncha ya mtutu. Mlengaji hulazimika kupanga vitu vitatu vilivyo katika umbali mbalimbali: alama ya nyuma, alama ya mbele na shabaha. Jicho haliwezi kuona vyote vitatu kwa udhahiri kwa wakati mmoja, na kadiri umri unavyozidi, uwezo wa lenzi ya jicho kubadili umbo hupungua. Darubini huviweka alama na shabaha katika tabaka moja. Hiyo ndiyo faida yake kuu, nayo hupatikana hata kwa ukuzaji mdogo.

Hesabu ya mwanga

Katika majimbo mengi ya Marekani sheria huruhusu kuwinda kulungu tangu nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kutua. Nyakati hizo za utusitusi ndizo mnyama huyo hutembea sana, na ndizo darubini hujaribiwa.

Mwanga unaotoka kwenye lenzi ya jicho hutoka katika umbo la duara dogo. Kipenyo chake hupatikana kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Mathalani, darubini iliyozoeleka mno Marekani hukuza kutoka mara 3 hadi mara 9, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimeta 40. Ikiwekwa kwenye mara 9, duara la mwanga huwa na milimeta 4.4, ikiwekwa kwenye mara 5 huwa na milimeta 8. Mboni ya jicho la kijana gizani hupanuka kufikia milimeta 7 hivi, na ya mtu mzima aghalabu hukomea 5 au pungufu. Kwa hiyo, alfajiri, mwenye kuweka mara 9 huliletea jicho lake duara dogo kuliko mboni yake, na picha hufifia. Anayependa kukuza mara 24 kwa lenzi hiyo ya milimeta 40 hubakiwa na duara la milimeta 1.7. Mchana wa jua kali hataona kasoro, kwa kuwa mboni yake imesinyaa. Jioni kulungu atakuwa kivuli kikubwa kisicho na pembe wala kichwa.

Hesabu ya pili ni ya mwanga unaopotea njiani. Kila uso wa kioo cha kawaida huakisi takriban asilimia 4 ya mwanga unaouangukia. Darubini yenye nyuso 10 za kioo kisichopakwa dawa hupitisha 0.96 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 10, yaani kama theluthi mbili tu. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss, alivumbua njia ya kupaka kioo utando mwembamba unaopunguza mwakisiko huo. Mwakisiko ukishuka hadi nusu ya asilimia moja kwa kila uso, nyuso zile zile 10 hupitisha asilimia 95. Utando huo, usiotangazwa kwa tarakimu kubwa, humfaa mwindaji kuliko ukuzaji wa ziada. Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kinachoachwa nje ya picha

Ukuzaji unapoongezeka, eneo la kuonekana hupungua. Darubini iliyotajwa, ikiwa kwenye mara 3, huonyesha upana wa meta 10 hivi kwa umbali wa meta 100. Ikiwa kwenye mara 9, huonyesha kama meta 4 tu. Mnyama akitembea hutoweka kwenye picha, na mtu aliyesimama kando yake au nyuma yake haonekani kabisa. Aidha, mtikisiko wa mikono hukuzwa pamoja na shabaha.

Wapo wawindaji wenye uzoefu watakaosema kwamba ukuzaji mkubwa huwasaidia kuweka risasi mahali hasa panapotakiwa, ili mnyama afe upesi asikimbie na jeraha. Hoja hiyo ni ya haki, na kwa mwenye kulenga mchana, amelala na kuegemeza silaha yake, ina uzito. Lakini darubini haibadili mwendo wa risasi. Risasi yenye kasi ya meta 800 kwa sekunde, hata tukiuacha ukinzani wa hewa, hutumia sekunde 0.375 kwenda meta 300, na katika muda huo mvuto wa dunia huishusha sentimeta 69. Kwa meta 100 huishusha karibu sentimeta 8 tu. Asiyejua kukadiria umbali atamwona mnyama wa meta 300 kana kwamba yuko meta 33, atamlenga kifuani, na risasi itampiga miguu au itapita chini. Ukuzaji umempa ujasiri ambao ujuzi wake haujaufikia, na anayelipa ni mnyama.

Kadhalika si halali kuitumia darubini ya bunduki kutafutia wanyama. Popote jicho linapotazama kwa chombo hicho, mtutu nao umeelekezwa hapo, hata kama kinachotazamwa ni mwindaji mwenziwe akipita vichakani. Kwa kutafuta na kutambua, darubini ya macho mawili ndiyo chombo. Ya bunduki hufuata baadaye, baada ya shaka yote kuondoka.

Usiku ndani ya nyumba

Ndani ya nyumba hali hugeuka. Umbali ni meta 3, 5 au 10. Darubini ya kukuza mara 4 kwa meta 5 huonyesha upana wa nusu meta hivi, tena picha yenye ukungu, maana lenzi zake zimerekebishwa kwa mbali. Mtumiaji huona kipande cha nguo bila kujua ni cha nani.

Kwa kazi hiyo wengi hupendelea kioo cha nukta nyekundu. Asili yake ni chombo cha Howard Grubb wa Dublin, aliyekipatia hataza mwaka 1900. Mwaka 1975 kampuni ya Aimpoint ya Sweden ilitoa kile cha kwanza kinachotumia umeme. Taa ndogo huangaza kwenye kioo kilichopinda, na miali huakisiwa kwa usambamba, hivyo nukta huonekana kana kwamba iko mbali sana. Hakuna ukuzaji, macho yote mawili hubaki wazi, na kichwa kikisogea kidogo nukta haiachani sana na shabaha. Kasoro zake ni kwamba hutegemea betri, na mwenye jicho lenye mpindo usio sawa huiona nukta imetapakaa. Pia chombo hukaa sentimeta 4 hadi 7 juu ya mtutu, na kwa umbali wa chumbani risasi hupiga chini ya nukta kwa takriban kiasi hicho hicho.

Lakini hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote. Nukta nyekundu humwambia mtu risasi itakwenda wapi. Haimwambii aliyesimama pale ni nani. Hakuna lenzi inayotengeneza mwanga. Gizani, kijana aliyechelewa kurudi na mwizi aliyevunja dirisha wana umbo moja. Zaidi ya hayo, kuta za ndani za nyumba nyingi za Marekani ni mabamba membamba ya jasi juu ya mbao, na risasi ya bunduki huyapenya hadi chumba wanamolala watoto. Kwa hiyo mwenye kutafuta chombo cha kulinda nyumba atangulize taa, sauti ya kuuliza, na simu ya kuwaita polisi. Na taa ya kutambulia isiwe ile iliyofungwa kwenye bunduki peke yake, maana kummulika mtu kwa taa hiyo ni kumwelekezea mtutu. Maji yakimwagika hayazoleki; risasi nayo hairudi.

Chombo kimoja kwa kazi mbili

Ikiwa bunduki ni moja na chombo ni kimoja, hukumu ya fizikia ni wazi. Darubini ya mara 6 hadi 24 haifai kazi yoyote kati ya hizi mbili. Ile ya mara 3 hadi 9 ni njema msituni, ikiachwa kwenye mara 3 mwindaji anapotembea, lakini ni mzigo nyumbani. Nukta nyekundu ni njema nyumbani na hutosha porini penye vichaka, ambako shabaha haizidi meta 100. Kinachokaribia kuziunganisha kazi zote mbili ni darubini inayobadilika kutoka mara 1 hadi mara 4, yenye lenzi ya mbele ya milimeta 24. Kwenye mara 1 huonyesha upana wa meta 30 hivi kwa meta 100, na macho yote mawili yaweza kubaki wazi. Kwenye mara 4 duara lake la mwanga ni milimeta 6, linalotosha utusitusi. Tarakimu zake ni ndogo, na kwa sababu hiyo hudharauliwa na asiyejua kuzisoma.

Kazi ya mwalimu

Mwalimu wa fizikia hahitaji bunduki kulifundisha somo hili, wala isiletwe darasani. Darubini ya kawaida ya macho mawili yatosha. Ikiwa imeandikwa 8 × 30, wanafunzi waielekeze kwenye anga jeupe, kamwe si kwenye jua, waishike mbali na uso, wapime kwa rula duara la mwanga kwenye lenzi ya jicho. Watapata karibu milimeta 4, kwa kuwa 30 kugawa kwa 8 ni 3.75. Kisha walinganishe na ile ya 7 × 50, yenye duara la milimeta 7, na waeleze kwa nini mabaharia wa zamu za usiku huichagua hiyo ya kukuza kidogo.

Mwanafunzi aliyepima duara hilo kwa mkono wake hatadanganyika kwa urahisi na tarakimu iliyochorwa kwenye kasha, liwe la darubini ya bunduki, la kamera au la hadubini. Na iwapo siku moja atakabidhiwa silaha, kama askari wa wanyamapori au kama mwindaji mwenye leseni, atajua kwamba chombo kilicho juu ya mtutu humwonyesha mahali pa kupiga, na kwamba kutambua kilichopo mahali hapo ni kazi yake mwenyewe.