Chumvi ya damu kushuka kwa mgonjwa wa saratani: usikimbilie kopo la chumvi

Msikilizaji wetu wa Tingi ametuma ujumbe. Mama yake ana saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa, na amerudi nyumbani baada ya matibabu Ocean Road, Dar es Salaam. Siku nne sasa anasinzia mchana kutwa na anakosea majina ya wanawe. Damu ilipopimwa, wakaambiwa chumvi imeshuka. Jirani mmoja anasema ni mashetani, mwingine anasema saa imefika. Yeye anauliza: tumkorogee chumvi anywe?

Swali ni la haki, hasa Kilwa hii yenye mashamba ya chumvi. Lakini subiri kwanza.

Kinachopimwa ni sodiamu. Kawaida huwa kati ya 135 na 145. Ikishuka sana, hasa kwa haraka, maji huingia kwenye ubongo nao ukavimba. Hapo ndipo mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, huchanganyikiwa, huanguka, hata kupata degedege.

Mara nyingi chumvi haijapotea. Fikiria mchuzi ulioongezwa maji: chumvi ni ileile, ila umekuwa chapwa. Mwili una homoni inayoziambia figo zibakize maji. Mwaka 1957 huko Marekani, William Schwartz na wenzake walieleza habari za wagonjwa wawili wa saratani ya mapafu ambao figo zao zilibakiza maji bila sababu. Baadaye ilijulikana kwamba baadhi ya uvimbe wa saratani hutengeneza homoni hiyo wenyewe. Maumivu makali, kichefuchefu, nimonia na baadhi ya dawa pia huichochea, zikiwemo sisplatini na vinkristini za saratani, na amitriptilini ambayo wengine hupewa kwa maumivu ya neva.

Mgonjwa wa namna hii ukimjaza maji unamzidishia. Na hapa wauguzaji tunakosea kwa upendo: dafu asubuhi, chai ya rangi saa nne, maji kila akifumbua macho, huku chakula ni vijiko viwili vya uji.

Wapo wengine ambao chumvi imetoka kweli, kwa kutapika, kuharisha au kutumia dawa za presha zinazokojoza. Wengine tumbo limejaa maji kwa sababu ya ini au moyo. Na kwa mama wa Tingi kuna jambo la kuangalia sana: saratani ya shingo ya kizazi inaweza kubana mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, figo zikashindwa kazi. Akifikia hapo, hata dafu ni hatari, maana lina potasiamu nyingi ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa, na ikizidi huuvuruga moyo.

Kwa hiyo namba ni moja, tiba zinapingana. Mmoja anahitaji dripu, mwingine kupunguziwa maji, mwingine kubadilishiwa dawa. Hata dripu yenyewe ina mipaka, kwani sodiamu ikipandishwa haraka mno inaweza kuharibu ubongo. Si kazi ya kufanyia nyumbani.

Ukienda hospitali ya wilaya Kinyonga, au Sokoine pale Lindi, usiulize tu imeshuka kiasi gani. Uliza imeshushwa na nini, na figo zikoje. Beba dawa zote, hata za dukani na za mitishamba. Eleza anakunywa kiasi gani kwa siku na anakojoa kiasi gani. Mofini usimkatie mwenyewe, muulize daktari. Na usingoje safari ya Dar ndipo useme. Mei 2024 mvua zilipokata barabara kule Somanga, tuliona jinsi njia hiyo inavyoweza kufungwa ghafla.

Kuhusu saa kufika: ni kweli sodiamu ya chini mara nyingi huja ugonjwa ukiwa umeenda mbali, na familia inaweza kukubaliana na daktari kwamba sasa ni kumtuliza tu. Huo ni uamuzi wa heshima. Ila uamuliwe baada ya kujua chanzo, maana wapo waliorudi kuwatambua watoto wao baada ya kubadilishiwa dawa moja.

Msikilizaji wetu tumemjibu kwa simu: chumvi asimkorogee, dafu asimame kwanza, na mama arudishwe hospitali leo hii.